Karatasi Mbili Machinjioni Kwa Ndeti

Wiki jana tuliachana jiwe likiwa hewani, na si vizuri jiwe kukaa hewani siku saba. Acha lianguke.

Lilipiga kioo cha bucha ya Jamal, kwaa! Kioo kikamwagika juu ya maini, juu ya mguu wa mbuzi uliokuwa kwenye ndoano, juu ya lile koti jeupe la kazi ambalo Mwanahamisi, mkewe, alilifua kwa sabuni ya mche na kulipiga pasi ya makaa asubuhi hiyohiyo.

Jamal hakuruka. Alitoa kipande cha kioo kwenye ndevu, akakiangalia, akakiweka juu ya kaunta polepole kama mtu anayeweka yai.

"Nani amerusha?" akauliza.

Akapangusa vioo begani.

"Nauliza kwa sababu huyo mtu hana shabaha. Mimi nimesimama hapa, yeye anapiga maini."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Akapigwa kiwiko, akanyamaza.

"Usituletee mchezo, Jamal!" Huyo alikuwa Muthoki, mama wa supu ya kichwa, ambaye jiko lake limeegemea ukuta wa bucha. "Miaka kumi na mbili nanunua kichwa cha mbuzi kwako. Kumbe wewe unatungojea tu! Eti kuanzia Ijumaa machinjio ni ya Waislamu peke yao, Wakristo tutafute pa kwetu. Supu nitapika na nini mimi? Na kokoto?"

"Nimesema hivyo wapi, Muthoki?"

"Kwa simu!"

"Simu ya nani?"

"Simu ya kila mtu!"

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la nafaka, kulikuwa na kundi lingine, nalo limekasirika vilevile. Mikail mwenye duka alipaza sauti. "Muulizeni huyo mama ni nani amemfukuza mwenzake! Sisi tumesoma kwa macho yetu: Mwislamu asionekane tena machinjioni, Wakristo wamepata kisu chao!"

"Mwongo!"

"Mwongo ni wewe na supu yako!"

Kama gazeti limekufikia leo kwa mara ya kwanza, pengine likiwa limefungiwa mkate, nakueleza upesi. Soko la Kwa Ndeti, ukishaiacha Matiliku nyuma, lina machinjio moja na kisu kimoja. Mkristo akila nyama iliyochinjwa na Mwislamu, hana neno. Mwislamu naye hawezi kula ya kisu kingine. Basi wazee wa zamani wakakata maneno: kisu ashike Mwislamu, na sote tule sahani moja. Kilishikwa na babu yake Jamal, aliyetoka pwani na kuoa Mkamba, kikashikwa na baba yake, leo anacho yeye. Na leo, Alhamisi, kabla ya saa sita, kamati ya soko ilikuwa imekuja kumnyang'anya.

Kwa sababu ya karatasi mbili.

Na mtu mzima mmoja tu mkutanoni alijua karatasi hizo zilitoka wapi. Huyo ni Mwalimu Mutanu, yule msichana wa Tseikuru anayefundisha shule ya upili hapo juu. Alikuwa kwenye mlango wa bucha, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine umemshika Safa, binti ya Jamal, wa kidato cha tatu. Karatasi zilitoka darasani kwake. Kwenye somo lake la kufundisha watoto wasidanganywe na simu!

Simu yake ikalia. Mwalimu mkuu.

"Mutanu, uko wapi?"

"Sokoni, mwalimu."

"Rudi sasa hivi. Mambo ya soko ni ya soko."

"Lakini ni kazi ya darasa langu."

"Nani anajua? Wewe hujasema, mimi sijasikia. Ukisema, ujue umejiandikia barua ya kuondoka."

Mutanu akaizima. Mwaka mzima amepiga kelele darasani: kabla hujaamini, uliza, kabla hujatuma, ngoja. Mwaka mzima! Na sasa watu wazima mia moja, wengine ni wazazi wa haohao watoto, hawawezi kungoja hata mtu apumue.

Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, akapita mbele na fimbo yake. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka tu.

"Jamal," akasema, "mimi na wewe tumekula pamoja. Lakini watu wamekasirika, na mimi ni wa watu. Leta kisu tukiweke ofisini mpaka mambo yapoe."

"Mzee, kisu kikikaa ofisini kesho, nani atachinja?"

"Hilo tutaona."

"Na nikikitoa, nitakuwa nimekubali kwamba nilisema. Sivyo?"

Kilonzo akaangalia chini.

"Ngojeni!" Mutanu akaingia katikati. "Mzee, nipe dakika tano. Naomba simu mbili tu. Ya mama Muthoki na ya Mikail."

"Yangu ya nini?" Muthoki akaibana simu kwapani. "Hii ni ya kikundi cha akina mama wa kanisa. Huko kuna maombi ya watu, kuna magonjwa ya watu. Si ya kila mpita njia."

"Sitasoma maombi, mama. Nataka ile picha tu."

"Si nilikuonyesha jana?"

"Ulinionyesha mimi. Mikail hajaona."

"Mikail ataona nini kwa simu ya kanisa?"

"Hata mimi yangu sitoi," Mikail akajibu kutoka ng'ambo. "Ni kikundi cha msikiti."

Mutanu akashika kichwa. Kwa hesabu yake, siku tatu nzima watu hawa walikuwa wakipiganisha picha mbili, na hakuna hata mmoja aliyeziona zote mbili. Kila mtu na yake, kila mtu na hasira yake, barabara katikati. Ukimwambia mtu asogee hatua kumi aone ya mwenzake, anabana simu kwapani kama kuku wa kuibwa.

"Mama Muthoki," akasema, "kuku ukimnunua hapa sokoni si unampulizia manyoya uone nyama? Unamgeuza, unamshika kifua, unamwangalia macho. Hii picha umeimeza nzima nzima na manyoya yake!"

Watu wakacheka. Muthoki akajaribu kukasirika, lakini kweli anayo hiyo tabia ya kupuliza kuku, na kila mtu anaijua.

"Haya, shika. Lakini usiguse kingine."

Mikail naye akaona aibu kuwa wa mwisho. Akavuka.

Mutanu akafuta damu ya mbuzi kwenye kaunta kwa leso ya Mwanahamisi, akalaza simu mbili sambamba. "Mzee Kilonzo, njoo. Na wewe, na wewe. Angalieni."

Wakainamia. Kulia, karatasi ya manila ya rangi ya samawati: KUANZIA IJUMAA MACHINJIO NI YA WAISLAMU PEKE YAO. Kushoto, karatasi ya manila ya rangi ileile: MWISLAMU ASIONEKANE TENA MACHINJIONI. Zote mbili zimeanza kwa neno TANGAZO, nalo limepigiwa mstari wa mawimbi chini yake. Herufi M zote zina miguu mirefu. Na nyuma ya zote mbili unaona ukuta mmoja, mweupe juu, kijani chini.

Mzee Kilonzo akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Mkono ni mmoja," akasema.

"Leta nione." Muthoki akamsukuma Mikail, kisha kichwa chake na cha Mikail vikawa karibu kugusana juu ya kaunta. "Ai! Ni mtu mmoja! Ameniambia mimi vile, na wewe akakwambia hivi!"

"Sasa huyo mtu ni shetani," Mikail akasema.

"Shetani hana mwandiko mzuri namna hii."

Msomaji, kwa kitambo kidogo mambo yalikuwa yamekwisha. Hasira ilishuka kama uji ukitolewa motoni. Mtu aliyerusha jiwe alianza kutafuta njia ya nyuma.

Halafu Kilonzo akauliza swali ambalo lazima lingeulizwa. "Basi ni nani aliyeandika?"

Mutanu akamshika tena Safa mkono. Alimwangalia yule mtoto. Akamwangalia baba yake aliye na vioo kwenye ndevu. Na akafanya kosa.

"Mimi," akasema. "Ni mwandiko wangu."

Aiyai, Mutanu! Mwalimu wa ukweli, mbele ya soko zima!

Aliona anamficha mtoto. Hakuona kilichokuwa nyuma yake. Muthoki alikiona. Alinyoosha kidole, na kidole kikapita juu ya bega la mwalimu, kikaenda mpaka kwenye ubao unaoning'inia kando ya mizani. Umeandikwa kwa chaki: LEO TUNA MBUZI, MATUMBO, MAINI. Neno LEO limepigiwa mstari wa mawimbi. M zote zina miguu mirefu.

"Mwalimu," Muthoki akasema taratibu, "huo ubao pia ni wewe umeandika?"

Mutanu akageuka, akauona.

"Huo ubao huandikwa na Safa. Kila Jumamosi namwona juu ya kiti."

Ule uji ukarudi motoni.

"Ni binti yake!" mtu akapiga kelele. "Jamal amemwandikisha mtoto!"

"Na mwalimu amehongwa! Si mnaona anadanganya?"

"Kisu kitoke! Kitoke sasa!"

Mikail akarudi nyuma kama aliyechomwa. "Jamal, hata sisi? Hata sisi wa msikiti wako mwenyewe ulitaka kutuchezea?"

Safa akajitoa mkononi mwa mwalimu. "Ni mimi niliandika! Baba hajui kitu! Ilikuwa darasani!"

"Darasani mnafundishwa kuandika uongo?" Kilonzo akauliza.

"Ndiyo," Safa akasema, na watu wakapiga yowe. "Hapana! Tulifundishwa jinsi uongo ulivyo! Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hivyo mwalimu alitukatia simu za boksi la sabuni. Akagawanya darasa, upande wa dirisha na upande wa mlango. Kila upande utunge maneno ya kuuchoma mwingine, halafu tuone ni muda gani kabla mtu hajauliza, je, ni kweli? Mwandiko wangu unasomeka, kila upande ukaniita. Nikaandikia wote wawili."

"Na nani aliuliza kama ni kweli?"

"Hakuna, mzee. Tulipigana. Kavindu wa darasa letu alinivuta kitambaa cha kichwa, na alikuwa ameketi akiniona nikiandika."

Mwanahamisi, aliyekuwa nyuma ya kaunta tangu kioo kivunjike, akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, kwa nini machinjio? Maneno yote ya duniani, kwa nini ukawaachia hayo?"

"Niliwaambia watumie kitu wanachokijua, mama. Cha mbali hakiumi."

"Basi kimeuma."

"Sikutaka..."

"Mwalimu," Kilonzo akamkatiza, "ungeanza na hii ya boksi la sabuni ningekuamini. Lakini umenidanganya mara moja nikiwa nimevaa miwani. Sasa hii ya pili nitaijuaje?"

Hayo ni maneno yake Mutanu mwenyewe. Hufundisha hivyohivyo: chanzo kikidanganya mara moja, kiweke kando. Alitamani kuketi chini kwenye vioo alie kwa hasira. Ukweli alikuwa nao mkononi, mzima, na ameuharibu mwenyewe kwa neno moja.

Jamal akavua koti jeupe. Akachukua kisu, kile kirefu chenye mpini wa mti wa mpingo uliofungwa waya wa shaba, akakifuta pande zote, akakilaza kwenye kaunta, mpini ukielekea kwa Kilonzo.

"Chukua, mzee. Mwanahamisi ana ndugu mjini Mwingi. Tutaanza upya huko. Lakini nionyeshe anayekishika, nimwachie na jiwe la kunolea."

Kilonzo akageuka. "Nani anakishika?"

Watu wa kanisa wakaangaliana. Mwenzao akikishika, Mikail na watu wake hawali. Mikail akaangalia watu wake. Mmoja wao akikishika leo, ataitwa mnyang'anyi. Nzi wakatua kwenye maini. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Safa akamvuta mwalimu mkono. "Mwalimu. Swali lako la kwanza huwa ni lipi?"

"Gani?"

"La kwanza kabisa. Unaliandika ubaoni kila siku."

Mutanu akalisema kama anayeota. "Picha ilipigwa na nani?"

"Sisi tulikuwa na simu za boksi, mwalimu. Maboksi hayapigi picha."

Msomaji, hilo Mutanu hakuwahi kujiuliza. Siku tatu amewashuku wanafunzi, akamshuku mpishi, akamshuku fundi wa dirisha. Alitoa simu yake, akarudisha picha nyuma, nyuma, nyuma. Hizo hapo. Zote mbili. Jumatatu, saa nne na dakika kumi.

Alizipiga mwenyewe, akasahau! Alizituma kwenye kikundi cha walimu kwa furaha, na chini ameandika: *Zoezi la kidato cha tatu, uongo wa kutunga. Angalieni vijana wangu walivyo na akili!* Mtu kati ya walimu akazituma kwa mwingine bila yale maneno ya chini, huyo kwa mwingine, na kila moja ikapata upande wake.

Kuonyesha ni kufukuzwa kazi, aliambiwa wazi. Akamnyooshea Kilonzo simu.

"Soma kwa sauti, mzee. Soma siku, soma saa, soma nilichoandika chini. Safa alikuwa mwanafunzi tu. Mwenye makosa ni mimi."

Mzee Kilonzo akasoma, neno kwa neno, kidole kikifuata. Akamaliza. Akampa Mikail asome. Mikail akampa Muthoki. Muthoki akasoma huku midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudia.

"Kwa hivyo Jamal hakusema."

"Hakusema, mama."

"Na hawa wa msikiti hawakusema."

"Hata wao."

"Na mimi nimeitumia watu wangapi?" Akajijibu mwenyewe, macho yamemtoka. "Ngai, Mungu wangu. Nimeitumia watu wote."

Kilonzo akashika kisu kwenye makali, mpini ukarudi kwa Jamal. "Kesho utachinja. Na kioo tutakitafutia fundi. Mwenye jiwe namjua, alinunua maini hapa jana."

Jamal akakagua makali kwa kidole gumba. Kisha akakichukua, akavaa koti lake. Hakusema asante, na hakuna aliyeitegemea.

"Sasa tumeni," Mutanu akasema. "Kila mtu amtumie ukweli yule aliyemtumia uongo. Picha zote mbili pamoja, na maneno ya chini."

Muthoki akaanza na dada yake, Mutindi, anayekaa mji wa Salama na ana kikundi kikubwa cha akina mama kule barabara kuu. Akaandika kwa kidole kimoja, akatuma picha na maelezo. Jibu likarudi kabla hajafuta jasho.

Safa akamsomea, kwa maana Muthoki alikuwa bado anafuta jasho. "*Dada, wamekulazimisha kuandika hivyo? Vumilia. Vijana hawangojei Ijumaa, lori lao limeshatoka hapa Salama zamani.*"

"Lori la nini?"

Mikail naye alikuwa ameinua simu yake, uso umebadilika. Ujumbe ulitoka kwa Waislamu wenzake wa mji wa Mwingi. "Wangu pia wanasema nimetishwa. Wanasema wameshafika mji wa Wote, wanakunywa chai, wanakuja kututetea."

"Waambieni warudi!" Kilonzo akasema.

"Tumewaambia! Ndiyo wanazidi kuja!"

"Msiandike!" Mutanu akamshika Muthoki mkono. "Mpigie dada yako. Asikie sauti yako."

Muthoki akapiga, akaweka spika. Kaunta nzima ikasikiliza.

"Mutindi? Ni mimi. Sikia, hakuna vita huku, ilikuwa kazi ya watoto wa shule, mwambie dereva..."

"Wewe ni nani?"

"Ni Muthoki!"

"Wewe si Muthoki. Tulifundishwa hapa kanisani likizo iliyopita na mwalimu mmoja wa Tseikuru. Alisema siku hizi hata sauti ya mtu inatengenezwa na kompyuta, tusiiamini. Toka kwenye simu ya dada yangu, shetani wewe!"

Ikakatika.

Hakuna aliyemwangalia Mutanu. Haikuhitajika. Alikuwa ameegemea mizani, mikono imefunika uso.

Muthoki alisimama na simu mkononi, kama mtu aliyepewa kitu cha mgeni ashike. "Dada yangu ananiambia mimi si mimi," akasema.

Kutoka upande wa mteremko, honi ikalia. Nzito, ndefu. Si ya bodaboda, ya lori.

Mama wa supu akamwekea Safa simu kwenye kiganja. Akafungua aproni yake, akajipangusa uso nayo, akaweka kilemba sawa. Kisha akapita katikati ya watu, akavuka mtaro, akaenda kusimama katikati ya barabara, peke yake, miguu imepanuka.

"Mama Muthoki, rudi!" Jamal akapiga kelele.

Hakugeuka.

"Sauti yangu wameikataa," akasema. "Acha waje wakanyage na uso wangu."